Kiswahili cha Kubadili Nywila: Uhakiki wa Matini ya Mistari Mitano

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani ya mashairi. Safari hii tunaomba ridhaa yao, maana matini tunayoihakiki haina wahusika, haina mandhari, wala haizidi mistari mitano. Ni mazungumzo yanayofanyika kati ya mtumiaji na kompyuta wakati mtumiaji huyo anapobadili nywila yake katika mfumo wa Unix uliounganishwa kwa mtandao. Pamoja na ufupi wake, ni matini inayosomwa na kila mwanafunzi anayeingia maabara ya kompyuta yenye mfumo huo, na tunathubutu kusema kuwa wengi huipita bila kuielewa.

Tuanze na hali ilivyo hapa Rusizi, ambako wazee bado wanakuita Cyangugu. Mwanafunzi wa Kamembe anazungumza Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili sokoni na mpakani. Kifaransa anakisikia kwa wazazi wake, na Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia tangu mabadiliko ya mwaka 2008. Mwenzake aliyevuka mto kutoka Bukavu amesoma kwa Kifaransa tangu utotoni. Kiswahili chenyewe kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Basi katika chumba kimoja cha maabara lugha nne zimeketi, lakini skrini inasema moja tu, tena kwa mkato.

Wiki ya kwanza ya masomo kila mwanafunzi hupewa jina la kuingilia na nywila ya muda, kisha huamriwa aibadili. Anaandika amri passwd, skrini inamjibu, naye haelewi. Anafanya nini? Anamwita jirani. Jirani anasoma, anafasiri na, mara nyingi, ananyoosha mkono na kuandika yeye mwenyewe. Kazi inakwisha kwa dakika mbili na wote wawili wanafurahi. Lakini nywila iliyopatikana kwa msaada wa mkalimani tayari ina wenyewe wawili. Katika chuo kimoja tunachokifahamu, mwanafunzi alikuta kazi yake ya muhula mzima imefutwa. Alipolalamika aliambiwa kuwa kumbukumbu za mfumo zinaonyesha yeye mwenyewe ndiye aliyeifuta. Kwa upande wa kompyuta jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa: kompyuta haimjui mtu kwa sura, inamjua kwa nywila, na yeyote aliye nayo ndiye mwenye akaunti.

Kwa hiyo suala la kuyafasiri mazungumzo haya si pambo la kukuza lugha. Ni suala la nani anaweza kutunza siri yake bila kumshirikisha mtu. Hapo ndipo tunapotofautiana na wenzetu wengi wa fani ya istilahi, ambao nguvu zao zote zimeishia katika kubishania nomino.

Ubishi huo tunaufahamu. Tuna neno la siri, tuna nenosiri, tuna nywila, na kwa wale wa ng'ambo ya mto tuna mot de passe linalotamkwa katikati ya sentensi ya Kiswahili bila haya yoyote. Katikati ya miaka ya 2000 kazi kubwa ilifanyika: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kampuni ya Microsoft nayo ikaandaa faharasa yake ya Kiswahili. Hata Kinyarwanda hakikuachwa nyuma, kwani mwaka 2005 vifurushi kadhaa vya programu huria za GNU vilipata mafaili ya tafsiri katika lugha hiyo. Tokea hapo kila kampuni imechagua nomino yake, na mwanafunzi mwenye simu mbili anaweza kukutana na istilahi tatu kwa siku moja.

Tukitumia kigezo cha PEGITOSCA kilichopendekezwa na Kiingi wa Uganda, ambacho kila mwanafunzi wetu wa isimu amekikariri (na wachache wamekitumia), neno la siri linapata alama nyingi kwa uwazi. Mtu asiyewahi kugusa kompyuta analielewa. Aidha, linalingana na ijambo ry'ibanga la Kinyarwanda, hivyo mwanafunzi wa Rusizi halihitaji kamusi. Nenosiri ni lile lile lililobanwa kwa njia ya uambatanishaji. Linapata alama ya iktisadi, na wingi wake, manenosiri, hauna tatizo la kisarufi ingawa sikio la wengi bado linalikataa. Nywila haina uwazi wowote. Umbo lake halimwambii msomaji kitu. Ni lazima afundishwe.

Kwa vigezo hivyo hukumu ingekuwa rahisi. Hata hivyo, sisi tunaona kuwa uwazi wa neno la siri una mtego ndani yake, na mtego huo ni neno lenyewe. Mwambie mwanafunzi aandike neno la siri, naye ataandika neno: mama, upendo, imani, jina la mtoto wa dada yake. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, waliokuwa wataalamu wa Unix katika maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha uchunguzi wa nywila 3,289 zilizokusanywa kutoka kwa watumiaji. Nywila 2,831 kati ya hizo, yaani asilimia 86, zilikuwa dhaifu: ama fupi mno, ama za herufi ndogo tupu, ama zilipatikana katika kamusi na orodha za majina. Kamusi, tunayoitukuza sisi walimu wa lugha, ndicho kitabu cha kwanza anachofungua mwizi wa nywila. Thompson mwenyewe hakutumia neno. Nywila yake ya enzi zile ilipokuja kufumbuliwa mwaka 2019, ilionekana kuwa ni hatua ya sataranji iliyoandikwa kwa alama nane, mchanganyiko wa herufi, tarakimu na vituo. Kwa mtazamo huo nywila, ambayo haimwahidi mtu kuwa ataandika neno, inamdanganya kidogo zaidi. Ndiyo maana tumeichagua katika makala haya. Watu wa fedha za simu walikuwa na bahati: walichokihitaji ni tarakimu, wakasema namba ya siri, na kila muuza ndizi anajua ni nini.

Tuongeze jambo dogo ambalo wanafunzi wa mofolojia watalipenda. Unix ya zamani ilisoma herufi nane za mwanzo za nywila na kuziacha zilizobaki, bila kumwambia mtumiaji. Kwa msemaji wa lugha ambayo mzizi wa neno huja mwanzoni, hasara hiyo si kubwa sana. Kwetu sisi kitenzi huanza na msururu wa viambishi, na mzizi huja mwishoni. Mtu aliyeandika ninakupenda na mtu aliyeandika ninakupeleka walikuwa na nywila moja, maana herufi nane za mwanzo ni ninakupe katika maneno yote mawili. Siri yote ilikuwa katika mzizi, na mzizi ulikatwa. Mifumo ya Linux ya leo haina tena ukomo huo, lakini mfano huu unaonyesha kuwa ushauri wa usalama uliotungwa kwa lugha moja hauhamishwi kwa lugha nyingine kama gunia la mahindi.

Tuache nomino. Vitenzi ndivyo vinavyomfikisha mtumiaji mwisho wa kazi au kumwangusha njiani, na hapa uhakiki wetu unakuwa mkali kidogo.

Tumeuona mwongozo wa Kiswahili, wa ukurasa mmoja, uliobandikwa ukutani katika maabara ya chuo kimoja. Ulitumia kitenzi badilisha kutoka juu hadi chini. Kisarufi hakuna kosa. Lakini hapa tuko mpakani, na mpakani kubadilisha ni kazi inayojulikana: unatoa faranga unapokea dola, unatoa hiki mkononi unapewa kile. Mwanafunzi anayeambiwa abadilishe nywila ana haki ya kungoja apewe nyingine, na tumewaona wanaongoja, macho kwenye skrini, wakitarajia kompyuta iwape. Badili haina maana hiyo ya kupokezana kwa nguvu hiyo. Unabadili nguo, unabadili nia, na kinachokuja kinatoka kwako mwenyewe. Tusisahau pia kauli ya kutendana: wanafunzi wawili wanaosaidiana kwa namna tuliyoieleza hapo juu hawajabadili nywila zao, wamebadilishana.

Kitenzi kingine ni ingiza. Kimezagaa kila mahali, na kimetokana na kufuata Kiingereza hatua kwa hatua. Kompyuta haimtaki mtumiaji aingize kitu mahali, inamtaka aandike. Andika ni kitenzi cha darasa la kwanza, kwa nini tukikimbie? Kibaya zaidi ni rejesha, kinachotumika pale mtu aliposahau nywila. Kurejesha ni kurudisha kitu kilichokuwapo. Sasa, Unix haihifadhi nywila yenyewe. Inaipitisha katika hesabu isiyorudi nyuma, na kinachobaki katika faili la siri la mfumo ni alama ndefu ambayo hata msimamizi hawezi kuigeuza iwe nywila tena. Ukisahau, hakuna wa kukurejeshea. Kinachowezekana ni kuwekewa nyingine. Mwanafunzi aliyesoma rejesha humfuata msimamizi na kumwomba amkumbushe nywila yake, akikataliwa huona ananyimwa. Weka upya ni maneno mawili badala ya moja, lakini ni ya kweli.

Kuna na ukimya. Mtumiaji anapoandika nywila katika mazungumzo ya asili ya Unix, hakuna kinachoonekana: si herufi, si nyota, si nukta. Aliyezoea simu, ambako kila herufi hugeuka nukta, hudhani kibodi imeharibika. Anabonyeza kwa nguvu, anafuta, anaanza tena, na mwisho anaandika nywila mpya ambayo hata yeye haijui. Matini asilia haisemi lolote juu ya hili, na wafasiri waaminifu nao wamenyamaza kwa sababu asilia imenyamaza. Uaminifu wa namna hiyo hatuuungi mkono. Mfasiri wa tamthilia anayejua kuwa hadhira yake haioni kilichoko nyuma ya pazia hutafuta namna ya kuwaambia.

Tukifika kwenye mstari wa tano, yaani jibu, ndipo tunapokuta Kiingereza kibovu kuliko chote. Kazi ikishindikana, mifumo mingi ya Linux hutoa kauli ambayo, ikifasiriwa neno kwa neno, ingekuwa hitilafu ya uchezeaji wa tokeni ya uthibitishaji. Mwanafunzi mmoja alituuliza kama anatuhumiwa kuchezea mitambo. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba ameandika vibaya nywila ya zamani. Wakati mwingine faili la mfumo halikuweza kuandikwa. Lakini hata kama kauli hiyo ingefasiriwa kwa ustadi wa hali ya juu, ingebaki na kasoro ile ile: haijibu swali pekee alilo nalo msomaji. Swali lake ni hili: kesho asubuhi nikija hapa, niandike ipi, ya zamani au mpya?

Swali hilo lina uzito zaidi pale ambapo kompyuta zimeunganishwa. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Sun ilileta utaratibu wa kuweka orodha ya watumiaji katika seva moja kuu, ili jina na nywila zitumike katika kompyuta zote. Utaratibu huo uliitwa awali kwa jina la kurasa za njano za kitabu cha simu. Jina hilo likawa tayari lina mwenyewe kule Uingereza, likaachwa, ukaitwa NIS. Amri zake hata hivyo zilibaki na herufi yp mwanzoni, kama kiambishi kilichopoteza maana lakini hakitaki kutoka kwenye neno. Katika mifumo mingi ya namna hiyo, aliyetumia passwd ya kawaida alibadili nywila katika kompyuta aliyoketi mbele yake tu, kama jina lake lilikuwamo humo. Aliyetaka ibadilike kote alipaswa kutumia yppasswd. Hata hapo seva kuu ilihitaji muda wa kuzipelekea habari seva nyingine. Baadaye zikaja Kerberos na LDAP, na leo msimamizi anaweza kupanga mfumo ili passwd moja ifikishe ujumbe panapohusika. Lakini ucheleweshaji haujaisha kila mahali, na mwanafunzi anayehamia meza ya pili mara tu baada ya kubadili nywila anaweza kukataliwa kwa nywila sahihi.

Mwongozo ule wa ukutani haukugusa mambo haya. Ulichosisitiza, kwa herufi kubwa, ni kubadili nywila kila baada ya siku 90. Ushauri huo ulikuwa wa kawaida kwa miaka mingi, na mmoja wa walioueneza ni Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2003. Mwaka 2017 taasisi hiyo hiyo iliuacha: iliagiza watumiaji wasilazimishwe kubadili nywila kwa kufuata kalenda, bali zibadilishwe pale panapokuwa na dalili kuwa zimevuja. Burr naye alisema hadharani mwaka huo kuwa anajutia mengi aliyoyaandika. Sababu anaijua kila mwalimu: mtu akilazimishwa kubadili mara kwa mara huongeza 1 mwishoni, muhula ujao 2, kisha 3. Kwetu sisi kuna sababu ya nyongeza. Kila siku ya kubadili ni siku ya kumwita mkalimani.

Sasa tutoe kazi yetu, ili nasi tuhakikiwe. Mistari minne ya kwanza haikutusumbua sana:

"Unabadili nywila ya akaunti hii:" kisha jina la mtumiaji.

"Andika nywila unayotumia sasa. Herufi hazitaonekana."

"Andika nywila mpya."

"Andika nywila mpya mara ya pili."

Hatukuweka tafadhali. Tuliijaribu, lakini ikirudiwa mara tatu mfululizo inasikika kama ya mwombaji mlangoni, na kitenzi cha kuamuru cha Kiswahili, kikiwa kimekuja na maelezo ya kutosha, si cha ukali. Wenzetu wa pwani huenda wasikubaliane nasi katika hili.

Mstari wa tano ndio uliotuchukua muda. Kwa kufaulu tuliandika: "Nywila imebadilika. Kuanzia sasa tumia mpya." Kwa kushindwa, mmoja wetu alipendekeza "Nywila haijabadilika", mwingine "Nywila haikubadilika", tukabishana mchana mzima. Kiambishi -ja- kinaacha mlango wazi: jambo halijatokea lakini linatarajiwa. Msomaji wa haijabadilika anaweza kukaa akisubiri. Haikubadilika imefunga hesabu. Tulipowauliza wanafunzi wa Kamembe hawakusita, kwani Kinyarwanda kinatenganisha mambo hayo hayo: ntaraza ni hajaja, ntiyaje ni hakuja, na hakuna anayemsubiri mgeni wa ntiyaje. Kwa hiyo kwa kushindwa tumechukua: "Nywila haikubadilika. Endelea kutumia ile ya zamani." Ile -ja- tumeihifadhi kwa ajili ya mtandao unaochelewa, ambako inafanya kwa silabi moja kazi ambayo matini asilia haikuijaribu kabisa: "Nywila mpya haijafika katika kompyuta zote. Subiri kidogo kabla ya kuhama meza."